Bia chungu ya hopsi isiyo na gluteni, imepikwa Ipuli Tabora kwa mtama na ulezi

Mtoto wa Ipuli (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka, leo nami nitoe changu. Miaka miwili iliyopita niligundulika nina siliaki. Kwa ambao hawajaisikia: ukila gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike ukikandwa, kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Nilikonda mpaka watu mtaani wakaanza kunong'ona yao. Kuharisha, damu kupungua, dawa za minyoo na amiba nimemeza hadi nikazizoea. Hospitali ya tatu ndiyo wakaona.

Chapati niliiaga bila machozi. Kilichoniuma ni bia. Bia za chupa karibu zote zina shayiri, na shayiri haina tofauti na ngano kwa mgonjwa kama mimi. Nikahamia wanzuki, maana asali huku tunayo, lakini mimi ni mtu wa uchungu, siyo wa utamu. Niliwahi kufanya kazi Johannesburg na huko ndiko nilikoonja ile wanaita Pale Ale: rangi ya dhahabu iliyokolea, uchungu unaobaki kooni, harufu kama umekwangua ganda la chungwa. Ile kitu haikunitoka.

Basi nikasema nitaipika mwenyewe kwa nafaka zetu. Mtama, ulezi, uwele, mahindi na mchele havina gluteni. Nimepika mara nne. Mbili nimemwaga, ya tatu tumekunywa kwa kuvumiliana, ya nne jamaa wameimaliza na kuulizia nyingine. Nitaeleza hasa nilipoharibu, maana huko ndiko hela ilikopotelea.

Ngoja nipate ugali, narudi.

Mla Dagaa

Pale Ale ndiyo wapi mkuu? Pale stendi au pale sokoni?

Mwisho wa Reli

Naweka kambi hapa. Niko Kigoma, Mwanga. Sina siliaki ila nina mtama gunia zima na mke aliyechoka kuuona.

Mtoto wa Ipuli

@Mla Dagaa hahaha, tamka "peil eil". Maana yake bia iliyopauka. Zamani Uingereza kimea kilikaushwa kwa moto wa kuni kikatoka cheusi chenye moshi; walipoanza kutumia makaa ya koki yasiyo na moshi kikatoka cheupe, bia nayo ikapauka. Harufu ya balungi ililetwa baadaye na Wamarekani, hasa kwa aina ya hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) iitwayo Cascade iliyotolewa Oregon mwaka 1972.

Sasa twende kazi.

Mara ya kwanza nilifuata maelekezo ya bia ya shayiri kama yalivyo: saga kimea, tia kwenye maji ya nyuzi 66, funika saa moja, chuja, chemsha. Nilibadilisha kitu kimoja tu, badala ya shayiri nikaweka kimea cha mtama. Nilipochuja nikapata maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Haidromita, kile kipimo cha sukari kinachoelea, ikasoma 1.016, yaani sukari karibu na hakuna. Nikadondoshea aidini ya duka la dawa kwenye kijiko cha yale maji: nyeusi tii. Wanga umebaki wanga, na hamira haili wanga. Nikamwagia migomba.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mama anapika komoni, ile pombe ya nafaka, tangu sijazaliwa. Asubuhi nikapita kununua kimea cha ulezi, shikamoo, marahaba, nikamweleza yaliyonipata. Alikuwa anapepeta, akaacha ungo hewani akaniangalia.

"Uji uliupika?"

Uji gani mama?

"Mwanangu, kimea unakitia kwenye unga mbichi kikafanye nini?"

Akacheka mpaka ungo akauweka chini.

Wakuu, shida yote ilikuwa hapo. Wanga wa shayiri unalainika na kufunguka kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi, na kwenye joto hilo vimeng'enya vya kimea, vile vinavyokata wanga, bado viko hai. Kwa hiyo kulainika na kukatwa kuwa sukari vinatokea pamoja, sufuria moja. Wanga wa mtama unataka takriban 68 hadi 78. Ukiufikisha huko, vimeng'enya vingi vimeshakufa. Wanga unafungua mlango mgeni ameshaondoka. Anayepika komoni hilo halimsumbui: uji kwanza, upoe, ndipo kimea. Vitabu vya shayiri havisemi hivyo kwa sababu shayiri haihitaji.

Mara ya pili nikajifanya mjuaji, nikatia kimea uji ukiwa bado unatokota. Nikakiua chote. Migomba ikanywa tena, na mwaka huo ilizaa vizuri.

Bwana Kibuyu

Haya magonjwa ya kizungu haya. Babu zetu walikula kila kitu na hawakujua gluteni ni mdudu gani.

Kinu na Mchi

Babu zetu wa Unyamwezi walikula mtama, ulezi na uwele. Hiyo ngano walikula wapi, bekari gani? Acha mtu aeleze.

Nesi wa Zamu

Nimefanya kazi wodini, niseme kidogo. Siliaki siyo mzio wa kawaida na siyo fasheni. Hupimwa kwa damu kutafuta kingamwili, mara nyingi na kipande kidogo cha utumbo huchukuliwa kwa mpira wa kamera. Muhimu sana: ukijishuku usiache ngano kwanza halafu ndiyo ukapime. Ukiacha, kingamwili hushuka na kipimo kinaweza kusema huna. Endelea kula, pima, ndipo uache. Na mgonjwa akishaacha anaacha maisha yote, hata kidogo kinadhuru hata kama tumbo haliumi.

Mtoto wa Ipuli

Asante sana nesi. Hapo kwenye "hata kidogo" ndipo kimea chetu kinapoingia matatani. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Ni kidogo mno. Mashine ya kusaga ya mtaani inasaga mahindi ya huyu, halafu unga wa lishe wa yule wenye ngano ndani, halafu mtama wako. Sokoni nako kopo linalochotea ngano ndilo linalochotea ulezi. Mimi nanunua mtama kwa mkulima, gunia jipya, naupembua mwenyewe juu ya kitambaa cheupe, na kusaga nasaga kwa mashine ya mkono niliyoinunua kwa ajili hiyo tu. Kabla ya hiyo nilitwanga kwenye kinu. Kilo sita za kimea kwenye kinu, wakuu, nisiwadanganye, mabega yaliongea.

Mla Dagaa

Si kuna bia za shayiri wanazotia dawa ya kukata gluteni? Shemeji yangu yuko Ulaya anasema zipo.

Mtoto wa Ipuli

Zipo. Wanatia kimeng'enya wakati wa kuchachusha, kinakata gluteni vipande vipande. Shida ni kwamba vipimo vya kawaida havivioni vizuri vile vipande vidogo, na mwili wa mwenye siliaki unaweza kuvitambua. Marekani haziruhusiwi kuandikwa kuwa hazina gluteni. Kwa aliyejaa gesi tu labda. Mimi sigusi.

Mwisho wa Reli

Mkuu shusha vipimo sasa, mtama unaniangalia.

Mtoto wa Ipuli

Haya. Hii ni kwa ndoo ya lita 20.

Kimea cha mtama mweupe kilo 4, kimea cha ulezi kilo 2, asali nusu kilo, hopsi gramu 100, hamira ya bia pakiti moja. Pumba za mpunga ndoo ndogo, nitasema za nini.

Mtama uwe mweupe. Ule mwekundu mara nyingi una tanini nyingi, zinakaba kinywa na pia zinavifunga vimeng'enya. Loweka siku nzima ukibadilisha maji mara tatu nne, tandaza kwenye gunia lenye unyevu kivulini, geuza kila asubuhi na jioni, siku nne au tano. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya ghala lililovuja, tupa, usibembeleze. Kisha anika juani mpaka ukiutafuna unalia. Halafu sugua na upepete mizizi na machipukizi yote yatoke. Hili siyo la urembo: machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sianidi. Mama wa komoni analijua kwa namna yake, anasema "ndevu zina uchungu wa tumbo".

Ulezi ni hivyohivyo ila haraka zaidi. Huo ndio askari wako. Kimea cha ulezi kina nguvu ya kukata wanga kuliko cha mtama, ndiyo maana kwenye togwa na komoni wanautafuta huo. Robo kilo ya kimea nakaanga kwenye karai mpaka kinukie kama karanga, kwa rangi na ladha.

Siku ya kupika: pasha maji lita 14 mpaka nyuzi 50, mwaga kimea chote kilichosagwa isipokuwa kile cha karai, koroga, acha nusu saa. Usiguse tena. Unga utazama, juu yatabaki maji ya rangi ya chai ya maziwa. Yachote polepole kwa kikombe, lita tano au sita, weka pembeni kwenye ndoo yenye mfuniko. Usiyapashe. Vimeng'enya vimo humo, vimeyeyuka.

Kilichobaki ni unga uliolowa. Ongeza maji kiasi na kile cha karai, weka motoni upike uji, dakika 30 unatokota, mwiko usitoke mkononi maana chini unashika. Utakuwa mzito hadi utajuta. Epua, acha ushuke mpaka nyuzi 75. Hapo ndipo unarudisha yale maji uliyochota. Joto litatulia kwenye 63 au 65. Funika kwa blanketi, saa moja na nusu.

Na hapa ndipo mtu unapopaswa kukaa uangalie. Uji uliokuwa unasimamisha mwiko, ndani ya dakika kumi unalegea. Dakika ishirini unamiminika kama chai. Onja: ni mtamu kama umetia sukari, na hujatia. Nimeshaona mara mbili sasa na bado naita watoto waje waone.

Dondosha aidini. Ikibaki na rangi yake ya kahawia, umefaulu. Ikiwa nyeusi, ngoja nusu saa nyingine.

Kuchuja ndiyo kazi ya kitwana. Shayiri ina maganda yanayojenga chujio lenyewe. Mtama na ulezi havina, vinaganda kama udongo wa mfinyanzi. Dawa ni pumba za mpunga. Huku mashine za kukoboa mpunga wanatoa bure na kukushukuru juu. Zioshe, zichemshe, zichanganye humo, ndipo umwage kwenye mfuko wa kitambaa cha pazia.

Kinu na Mchi

Chandarua hakifai mkuu? Ninavyo vitatu vya kugawiwa.

Nesi wa Zamu

KISIGUSE CHAKULA. Vyandarua vile vina dawa ya kuua mbu ndani ya uzi wenyewe, haitoki kwa kuosha mara moja. Lalia.

Mtoto wa Ipuli

Nesi amemaliza. Pazia jepesi jeupe, mita mbili, unaishona mfuko.

Naendelea. Yale maji matamu uliyochuja, suuza na maji moto upate kama lita 24, chemsha saa moja. Yakianza kutokota tia hopsi gramu 25, zitoe uchungu. Zikibaki dakika 15 tia gramu 25 nyingine. Gramu 50 zilizobaki usizipike, zinaingia baridi kwenye ndoo bia ikikaribia kuiva, siku tatu au nne kabla ya kuweka chupani. Hizo ndizo za harufu. Uchungu wa hopsi haujitokezi mpaka uchemshwe, harufu nayo haistahimili kuchemshwa, ndiyo maana unazigawa. Tabora tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji yanatokota kwenye nyuzi 96, kwa hiyo uchungu unatoka kidogo pungufu. Mimi naongeza dakika kumi.

Ukishazima moto ndipo utie asali. Poza haraka, sufuria ndani ya beseni la maji ya barafu, mwaga kwenye ndoo safi, nyunyiza hamira. Yangu ilianza 1.047 ikaishia 1.009. Toa, zidisha kwa 131, ni asilimia 5 ya kilevi.

Bwana Kibuyu

Gramu 100 za hopsi unapata wapi Tabora? Mbege ya Moshi wanatia gome la msesewa linaleta uchungu. Au mwarobaini, uko kila uwanja.

Mla Dagaa

Bia ya mwarobaini, inatibu malaria na hangova yake kwa pamoja.

Mtoto wa Ipuli

Hahaha. Mwarobaini nilijaribu kwenye kikombe kimoja. Mke wangu alinusa tu akaniuliza naumwa nini. Msesewa ni mila ya watu na wanajua vipimo vyao, lakini mti ule una kemikali zinazogusa mapigo ya moyo; mimi sijui kipimo, sigusi. Halafu hopsi haileti uchungu pekee. Inazuia bakteria wa ukakasi, wale wanaofanya komoni ya jana iwe kali kesho. Bia hii inakaa mwezi na zaidi haijachachuka.

Hopsi zangu zinatoka Afrika Kusini, rafiki akija analeta. Za kwanza zilikaa kwenye mzigo wa basi siku mbili, jua la Oktoba, zikafika za kahawia zinanuka soksi. Nikazitia hivyohivyo, ndiyo ile bia ya kuvumiliana. Zinatakiwa ziwe za kijani, pakiti isiyo na hewa, na ukifika friza. Friza siyo friji.

Mwisho wa Reli

Haziwezi kupandwa huku?

Mtoto wa Ipuli

Zitaota, mavuno ndiyo shida. Mmea ule unataka mchana mrefu wa kiangazi cha mbali na ikweta ili urefuke kabla ya kutoa maua. Sisi tuko nyuzi 5 kusini, mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, unatoa maua ungali mfupi. Hata mji wa George, kule chini Afrika Kusini, kwa miaka mingi iliwabidi wawashe taa shambani usiku kuudanganya.

Mwisho wa Reli

Na joto? Kigoma hapa Septemba nyumba ni tanuri.

Mtoto wa Ipuli

Hamira za kawaida za aina hii ya bia zinataka nyuzi 18 hadi 22. Zikipata 30 zinatoa harufu ya rangi ya kucha na kichwa kinakuuma kweli. Juni na Julai mimi naweka ndoo kwenye beseni la maji, navalisha gunia lililolowa, upepo unamaliza kazi. Miezi ya joto tafuta hamira ya Norway iitwayo kveik, hiyo inafanya kazi hata nyuzi 35 bila kulalamika. Chagua hamira kavu. Zile za majimaji mara nyingi hukuzwa kwenye maji ya shayiri, na mimi nimeshakwambia hali yangu.

Hamira ya maandazi itachachusha pia, ila harufu itakuwa ya bekari.

Kinu na Mchi

Chupa je? Binamu yangu alifungia ya kwake zikalipuka usiku, wakadhani wamevamiwa.

Mtoto wa Ipuli

Alifunga kabla haijaisha kuchachuka, au sukari ilizidi. Pima haidromita siku mbili tatu mfululizo, namba isipobadilika ndiyo imeisha. Kisha sukari gramu 6 kwa lita, siyo kwa makadirio ya kijiko. Kama hujiamini tumia chupa za plastiki za soda, ukiibonyeza ikawa ngumu kama jiwe unalegeza kifuniko. Chupa osha kwa dawa ya klorini halafu suuza kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe. Klorini ikibaki bia inanuka plasta ya kidonda. Na maji ya bomba ya kupikia yachemshe tangu jana kwa sababu hiyohiyo.

Ukitaka kuuza, hiyo ni habari nyingine ya leseni na viwango. Mimi nakunywa na jirani.

Msomaji Kimya

Mimi situmii kilevi. Ila ile hatua ya uji kulegea, nikiishia hapo si ni togwa?

Mtoto wa Ipuli

Umeishika vizuri. Poza unywe, watoto watakufuata.

Mwisho wa Reli (wiki tano baadaye)

Wakuu nimerudi. Nimepika. Kwenye uji mwiko ulinivunjikia mkononi, sitanii. Kila kitu kingine kama mkuu alivyosema. Imeanza 1.044 ikakaa 1.010, kama asilimia 4 na nusu. Rangi safi ila ina ukungu kidogo. Harufu ya balungi ipo, uchungu upo. Kimea kina ladha yake, siyo ya mkate kama bia ya dukani, kuna ukali fulani wa mtama nyuma ya ulimi, chupa ya pili umeshauzoea. Mke amekunywa glasi mbili na gunia hajalitaja tena.

Tatizo moja. Nikimimina povu linapanda vizuri, nikinywa funda moja linakata lote kama limezimwa swichi.

Mtoto wa Ipuli

Safi sana! Ukungu usikusumbue. Povu la nafaka hizi ni dhaifu kuliko la shayiri, hilo lipo, lakini kukata ghafla hivyo siyo kimea. Mafuta yanaua povu. Glasi umeosha vipi? Na ulikuwa unakula nini?

Mwisho wa Reli

Migebuka. Ya mawese.

Mtoto wa Ipuli

Futa mdomo mkuu.